Neno Nililosema juu ya Cyril

Jumapili, 1 Septemba 1957

Baada ya ibada dresa mpya, mganga msaidizi wa zahanati ya Newala, alisimama mlangoni mwa kanisa, kofia mkononi, akisalimia watu mmoja mmoja kama vile yeye ndiye padri. Jina lake Cyril. Amefiwa na mke, ana binti wa miaka minne. Mimi alinipa mkono mara moja. Mkono wa Emilia, mwalimu mwenzangu, aliushika akasahau kuuachia.

Na Emilia akacheka. Kile kicheko cha puani, anachokicheka akiwa ananisuka nywele. Nilidhani ni cha nyumbani tu.

Nimepika kisamvu, kikaungua. Emilia amekula bila kulalamika, na hilo nalo limeniuma.

Miaka mitatu sasa katika nyumba hii ya walimu. Shule ilitupa vitanda viwili. Kimoja tunawekea madaftari.

Jumatano, 4 Septemba

Dresa amekuja shuleni kukagua macho ya wasichana. Mimi ndiye mwalimu mkuu, ilibidi nimkaribishe chakula. Ugali, mbaazi, na maji kidogo sana — bomba la hapa Kitangari halijatoa tangu Ijumaa, na kushuka bondeni kuteka ni kazi ya nusu siku.

Mtu mzuri. Hapo ndipo penye tabu. Ananawa kabla na baada, anasema asante. Mke wake alifia kwenye uzazi. Alituambia mwenyewe, akitazama sahani, bila kutaka kuhurumiwa.

Kisha akatupa habari za Lindi. Wanaume wawili, fundi cherehani na mwenzake, wamefungwa kwa kuishi kama mume na mke. Jirani aliwachongea. Hakimu Mzungu akafungua kitabu cha sheria, akawapa miaka. Cyril aliwahi kumtibu yule fundi jipu. Anasema hakuona ubaya wowote kwake, ila sheria ni sheria.

Emilia akauliza taratibu, huku akimega tonge, "Na wanawake je?"

Cyril alifikiri kwanza. "Wanawake hawamo. Kitabu kinataja wanaume tu. Nadhani Waingereza hawakuwaza kama jambo hilo lipo."

Chini ya meza mguu wa Emilia ukaukanyaga wangu. Furaha yangu ilidumu mpaka nilipoona anamwongezea mbaazi.

Jioni nzima nimemfikiria yule fundi. Ni ajabu kumwonea wivu mfungwa. Lakini kwao yupo mtu aliyewatazama akasema, hawa wawili ni kitu kimoja. Cyril alikaa katikati yetu, akaitazama nyumba yote, akaona walimu wawili wa kike na kiti kimoja kitupu.

Jumamosi, 7 Septemba

Masasi, kwa lori. Mkutano wa walimu nyumbani kwa Bibi Hartwell na Bibi Pryce. Emilia hakuja. Alisema atabaki kufua. Kwa maji gani?

Hawa mabibi wa misheni wamekaa nyumba moja tangu kabla ya vita. Mbwa mmoja, birika moja. Leo Bibi Pryce alikuwa anasoma taarifa ya mitihani, mwenzake akamvua miwani, akaipangusa kwa pindo la gauni lake, akamvisha tena. Bibi Pryce hata hakunyanyua kichwa. Walimu kumi na wanane tulikuwepo. Hakuna aliyeshangaa. Wale ni Wazungu, wamekuja kwa kazi ya Mungu, basi.

Wakati wa chai Bibi Hartwell akaniuliza, kwa wema kabisa, kama sisi wasichana bado hatujapata wachumba. Nilitaka kumuuliza na yeye.

Bibi yangu mzaa mama aliishi hivyo hivyo na mwenzake, Sijaona. Waume zao walichukuliwa kubeba mizigo ya vita vya Wajerumani na Waingereza, hawakurudi. Wanawake wale wakalima shamba moja, wakatwanga kinu kimoja, na Sijaona alipokufa bibi alinyoa nywele kama mtu aliyefiwa na mume. Kijiji kizima kilijua ni nini. Ila wote wawili walikuwa wameshazaa. Aliyekwisha kuzaa haulizwi tena.

Sisi tunaulizwa kila wiki.

Nimerudi saa kumi na moja. Kamba ya nguo tupu. Emilia anasema maji hayakutosha. Mezani vikombe viwili.

Jumanne, 10 Septemba

Newala, dukani kwa Somoe. Watu humwita Mama Nurdini. Mtu wa Mikindani, anauza kanga na vitambaa, amekaa huku juu miaka mingi lakini bado anasema kipwani. Emilia alichagua kitambaa cha maua madogo, yadi moja na nusu. Yadi moja na nusu haimtoshi mtu mzima.

"Ni cha nani?" nikauliza.

"Cha yule mtoto wa Bwana Cyril. Hana gauni la Jumapili."

Nikatoka nje nikasimama juani. Nadhani nilisimama muda mrefu, kwa maana Mama Nurdini alinifuata, akamwacha Emilia ndani anapima vifungo.

"Mwalimu," akasema, "uso huo si wa dada mtu."

Akasema kwao walikuwepo wawili, mke wa tajiri mmoja na shoga yake. Siku za sikukuu wakivaa kanga doti moja, mwenye macho akaelewa. Mume alijua. Walikula, walicheka, walizeeka. "Watu hawasemi ukiwapa kitu cha kutazama," akasema. "Yeye aliwapa mume wa kutazama."

Kisha akanitajia neno la wanawake wa namna hiyo, lile wanalolitumia pwani. Hakulitemea mate wala hakulipamba. Alilisema kama anavyotaja aina ya kitambaa.

Nimefika nyumbani nimeliandika hapa. Halafu nimelifuta. Limebaki doa.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimefanya kitu.

Mjomba wake Emilia amekuja kutoka Mnyambe kwa baiskeli. Mzee Bartholomayo, katekista. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Baba atasikia baadaye. Emilia alikuwa amekwenda kuteka maji. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa, akatoa barua mfukoni. Barua ya posa. Cyril ameandika mwenyewe, mwandiko safi kama wa karani.

"Mwalimu, wewe ni mkubwa wake hapa," akasema. "Huyu bwana mimi simjui. Wewe umemwona. Kuna lolote?"

Mzee mwenye heshima, jasho la safari bado liko shingoni. Ningeweza kusema hapana, hakuna. Maneno mawili.

Nikasema, "Mjomba, sipendi kusema. Nasikia mke wake alikufa kwa kifua. Na yeye mwenyewe anakohoa."

Akaikunja barua mara mbili. "Kifua kikuu?"

"Ndivyo nilivyosikia."

Alinishukuru. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru, akapanda baiskeli.

Emilia aliporudi na ndoo kichwani nilimtua. Akaniuliza kwa nini mikono yangu ni ya baridi.

Jumatano, 18 Septemba

Posa imerudishwa. Emilia amepata ujumbe kutoka kwa mjomba, mistari mitatu. Hakulia. Amesahihisha hesabu za darasa la pili mpaka mwisho, kisha amekwenda kulala upande wa madaftari.

Nilitegemea kufurahi. Nimefurahi labda nusu saa.

Ijumaa, 20 Septemba

Amejua. Mjomba amemweleza shangazi Julia, shangazi amekuja leo na mahindi, akasema yote mbele yangu akiamini ananisifu. "Mshukuru mwalimu mwenzako, mwanangu, amekuepusha na kaburi."

Shangazi alipoondoka Emilia alifunga mlango.

"Ulikuwepo mezani," akasema. "Ulimsikia kwa masikio yako kwamba mke alifia kwenye uzazi."

"Nilikuwepo."

"Basi kwa nini?"

Nikamwambia kwa nini. Kicheko. Mbaazi. Vikombe viwili. Kitambaa cha maua. Nilivyokuwa navitaja, kila kimoja kilizidi kuwa kidogo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akakaa kwenye kile kitanda, akaeleza polepole kama anayewaeleza watoto wa darasa la kwanza. Kwamba shule ya Newala inatafuta mwalimu mkuu wa wasichana. Kwamba ameshaniandikia maombi, yako chini ya godoro, bado sahihi yangu tu. Kwamba Cyril ni mtu mpole anayeshinda zahanati na kusafiri vijijini wiki mbili kila mwezi, anayetaka mama wa mtoto wake na si zaidi sana. Kwamba yeye angekuwa Mama Fulani, na mimi ningekuwa nyumba ya pili.

"Nani angeuliza, Lois? Nikiwa na mume na mtoto mgongoni, nani angeniuliza nashinda kwa nani?"

"Na wiki mbili nyingine?" nikasema. "Mimi ningelala na nani?"

"Ungenisubiri. Kama watu wote wanavyosubiri."

"Hukuniambia."

"Nilikuwa nangoja uache kununa. Nawe hukuniuliza mimi. Ulikwenda kumwambia mjomba."

Na hata sasa, ninapoandika, najiona bado nazihesabu zile wiki mbili. Bado zinaniuma.

Jumatatu, 23 Septemba

Neno limefika mpaka Newala. Sikulipeleka mimi, limekwenda lenyewe. Asubuhi nilikuwa huko kwa kazi ya shule, nikamwona mama mmoja wa kijiji cha Makote akipita zahanati bila kuingia, mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kimelegea kwa homa. Nikamuuliza anakwenda wapi. Masasi, akasema, kwa miguu. Kwa nini asiingie hapa? "Dresa ana kifua, Mwalimu. Atamwambukiza mwanangu."

Nikamwambia si kweli. Akaniangalia kwa huruma. "Wewe hujasikia," akasema, akaendelea na njia.

Jumatano, 25 Septemba

Cyril alikuja mwenyewe shuleni, saa ya mapumziko. Amekonda. Daktari wa Kizungu ameagiza aende Lindi kupigwa picha ya kifua, na zahanati imefungwa mpaka majibu yarudi. Bintiye amepelekwa kwa nyanya yake.

Hajui ni nani aliyezusha neno hili. Anadhani ni mtu aliyekasirika kwa kudungwa sindano vibaya. Alikuja kuniomba barua — mwalimu mkuu, mtu anayeaminika, niandike kwamba namfahamu na sijamwona akikohoa.

Niliandika. Nimeandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Aliisoma akiwa amesimama, akafuta macho kwa kiganja. "Asante, Dada Lois." Hakuwahi kuniita dada.

Hapo sikumwonea wivu. Mara ya kwanza tangu Septemba ianze. Ilidumu mpaka alipouliza, "Emilia hajambo?"

Ijumaa, 27 Septemba

Mjomba amemchukua Emilia. Alikuja na Julia, wakafungasha vitu vyake asubuhi wakati mimi nikiwa darasani. Katekista anasema msichana aliyeposwa na mgonjwa anabaki na jina, ni vizuri aolewe haraka kabla watu hawajasema zaidi. Ameshapatikana mwingine. Anaitwa Safari, anafanya kazi ya reli Nachingwea. Mtu mzima, ana mke mmoja aliyemwacha. Emilia hajawahi kumwona.

Nachingwea. Huko hakuna nyumba ya pili.

Ameacha maombi ya kazi chini ya godoro, kama alivyosema. Mwandiko wake umejaribu kufanana na wangu. Mahali pa umri amenipunguzia miaka miwili.

Jumapili, 29 Septemba, Mnyambe

Sikwenda kanisani. Nimetembea tangu alfajiri, nimefika hapa kwa mzee Bartholomayo jua likiwa juu. Naandika nikiwa barazani, nyuma ya daftari la hesabu. Mjomba yuko kwenye mikorosho, wamekwenda kumwita. Julia ameniletea maji ya kunywa, akaomba radhi kwamba ni machache. Watu hawa wananiheshimu sana.

Furushi la Emilia liko mlangoni, limefungwa kwa kanga. Lori la Nachingwea ni kesho.

Emilia amepita na kinu. Hakusimama. Alijifanya anaokota kitu karibu na mguu wangu, akanong'ona, "Sema ulikosea. Usiseme zaidi ya hapo."

Nikosee vipi? Nikisema nilisikia vibaya, ataniuliza nilisikia kwa nani, na itabidi nimtaje mtu. Mtu yeyote nitakayemtaja atafanywa kama Cyril. Nikisema hakuna aliyeniambia, nilitunga, ataniuliza sababu. Na sababu ni moja tu. Kule Lindi walimpa mtu miaka kwa sababu hiyo. Mimi sheria hainijui. Lakini mzee huyu anajua kusoma, na ana mpwa mmoja tu.

Emilia ameanza kutwanga nyuma ya nyumba. Anatwanga polepole mno. Anasikiliza.

Mjomba amefika. Nimesimama, nimemwamkia. Ameweka panga lake ukutani, amekaa mbele yangu, karibu hata magoti yanataka kugusana. Nimemwambia lile neno la Cyril si la kweli. Nimelisema. Limetoka.

Hajakasirika. Ameuliza lile lile nililojua ataliuliza. "Nani alikuambia, Mwalimu?"

Nimemwomba aniache nimalize mstari mmoja. Ametazama daftari, namba za watoto upande wa mbele, akaitikia kwa kichwa, kwa adabu. "Andika tu," amesema. "Mimi nasubiri."

Kinu kimenyamaza. Emilia naye anasubiri.