Gwak Chilbong, Uliyekanwa Sokoni

Juzi umetimia mwaka, Baba Bunrye, tangu wakukate kichwa na kukitundika sokoni ili wakulima washike adabu. Wameishika. Siku hizi hata salamu wanatupa kwa kunong'ona.

Ulikuwa na vituko vyako. Hukuweza kupita shamba la mpunga la mtu bila kung'oa magugu. Hata siku ile mlipokwenda na mikuki ya mianzi kulibomoa bwawa la mkuu wa wilaya, aliyetutoza ushuru wa maji ya mto wetu wenyewe, ulisimama njiani kumpalilia mjane Pyo. Jeshi zima la wakulima wenzako linakungoja, wewe umeinama kwenye tope! Ukilewa pombe ya mchele uliimba vibaya, na hukukubali kunyamazishwa.

Maji bado yanapita bure. Wanaoyafungulia mashamba yao ndio hao hao waliowaonyesha askari ulikojificha.

Walimsimamisha mama yako mbele ya kichwa chako. Askari akamwuliza, "Bibi, huyu si wako?" Jamaa za mwasi walikuwa wanauawa, na Bunrye alikuwa mgongoni kwake. Mama akakutazama vizuri. "Mimi nizae sura mbaya hivi?" Askari wakacheka, tukaachwa tupite. Tulipofika nyumbani alijaza kitambaa mdomoni ndipo akalia.

Kwa hiyo hukuitwa. Mtu akikata roho, wa nyumbani hupanda paani na koti lake, akaliita jina lake mara tatu, roho ijue kwao ni wapi. Asiyeitwa hutangatanga na njaa yake, hata apikiwe nini. Tuliogopa, mume wangu. Tulikuacha huko nje mwaka mzima.

Juzi asubuhi tukakupikia wali kimya kimya. Mama akautazama, akauliza, "Nani atakuja kuula huu?" Akachukua koti lako, akapanda ngazi kwa magoti yake mabovu. Mke wa mkuu wa kijiji akamsihi ashuke, asituponze. Mama hakumgeukia.

"Chilbong, mwanangu. Njoo ule. Ni mimi, mama yako."

Akaita mara tatu. Kijiji kizima kilisikia, na kijiji kizima kikafunga milango.

Askari walimchukua wali haujapoa. Jana wamemrudisha amefunikwa mkeka, wakasema huyo mmoja anawatosha kwa sasa. Majirani walitarajia tuzike tukinyamaza. Mimi nikapanda paani na koti lake, nikamwita mama kwa sauti yangu yote, kisha nikakuita na wewe, kwa jina la ukoo na jina lako, mpaka koo likauma.

Mama usimngoje huku tena, anakuja kwako. Mpokee, umsamehe neno lile la sokoni.

Tuliobaki ni mkeo Okdan, binti yako Bunrye na mdogo wako Chilman. Hatutakukana tena.