Udongo wa Kaburi la Simiyu

Mama mpendwa,

Nakusalimu wewe na Baba na wote hapo Misikhu. Goti lako linaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umevunjika. Hata kuandika naona uzito.

Mama, ule udongo wa kaburi la Simiyu hautafika. Najua tangu ukuta wa mgodi ulipomwangukia ndugu yangu, akazikwa huku Zambia bila ninyi, umekuwa ukiungoja ili naye awe na kaburi nyumbani. Niliuchota vizuri, nikaufunga kwa kipande cha leso yako. Siku ya kuanza likizo, mashine ya kupima mionzi ililia langoni mwa mgodi. Kamau, yule jamaa wa Kachibora anayeishika, akanivuta kando.

"Bana, hii udongo haiwezi toka. Iko na sumu ya mgodi, ile ya mionzi."

"Si ni udongo ya makaburi tu?"

"Makaburi iko chini ya ile bwawa ya machafu. Maji ilivuja hapo miaka mingi."

Basi nikarudi chumbani, nikautia kwenye karai na kuuosha, nikidhani sumu itatoka na maji. Niliuosha udongo wa mwanao huku nalia. Tulipoupima tena, mashine ikalia vilevile. Maji niliyomwaga ndiyo yalikuwa karibu safi. Kamau akanieleza kuwa udongo wa mfinyanzi wa huku huing'ang'ania ile sumu kama masizi kwenye sufuria. Maji hupita, sumu hubaki, na mvua haiiondoi.

Nilimwomba hata kijiko kimoja. Akasema, "Nikikuachia, si mama yako ataishika na mikono?" Nikaurudisha kaburini, na safari ya nyumbani nikaiacha. Tangu siku hiyo siwezi kusali. Kinachonitesa ni kwamba yeye amelala humo humo, na sisi hatuna hata chembe.

Nisalimie shemeji, mke wa Simiyu, kule Kitale. Mwambie wewe, mimi sina kinywa cha kumwambia. Nisalimie pia mjomba wa Saboti na dada yangu mdogo. Na Baba umwombe alifukie lile shimo alilochimba nyuma ya nyumba, mvua isije ikaanza na watoto wa Simiyu wanaokaa nanyi wakatumbukia.

Ni mimi, mwanao wa kiume uliyebaki naye,
Wafula