Mashine Isiyolala

Jumanne, 2 Machi 2004

Nimemaliza kuchambua maharage. Donatien bado yuko kazini Rohero, katikati ya mji. Kila basi dogo likisimama pale kona, moyo unaruka. Nimeolewa mwezi uliopita na bado naruka! Mume wangu. Naandika tena kwa raha yangu: mume wangu.

Amefika. Kaleta ndizi mbivu, na kompyuta ya kazini, ile ya kubeba, kwenye mfuko mweusi. Siku hizi mji unafungwa mapema, risasi zinasikika milimani, kwa hiyo chef wao, mkuu wa ofisi, amewaruhusu kumalizia ripoti za chanjo nyumbani. Lakini Donatien haigusi jioni. Jioni ni yako, ananiambia. Anaamka kabla ya jogoo, ananifunika vizuri, anakwenda kuandika mezani. Ningempenda kwa hilo tu, hata asingekuwa na yale macho.

Nimeitoa mfukoni kama kila siku. Nikainua kifuniko, kioo kikawaka kidogo kunisalimia. Nikatandika juu ya vibonye kitambaa nilichokidarizi mwenyewe: maua mekundu, D na S katikati, pindo nene la sufi. Kwa mama yangu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa chake, viti vina vyao, hata jagi la maji. Nikafunika taratibu, kama mtu anayefunika mtoto. Chini ya kitanda. Vumbi la mtaa wetu huu wa Ngagara lisiiguse.

Jumatano, 3 Machi

Kompyuta imekufa tena alfajiri. Jana aliijaza chaji kazini mpaka juu, akaifunga, akaja nayo moja kwa moja. Alipotoa kitambaa na kubonyeza, giza. Na umeme wa hapa mtaani umekatika tangu wiki iliyopita.

Nilimuuliza kwa nini asiizime kabisa. Akanieleza kwa upole. Programu ya ripoti inafunguka kazini tu, kwa waya wa pale. Akiizima, haifunguki mpaka arudi ofisini. Ndiyo maana anaiacha imelala. Kompyuta ikilala inakula chaji kidogo sana, usiku mzima kama tone. Hii yetu inakunywa yote.

Zamani haikuwa hivi. Imeanza baada ya harusi.

Alikwenda kazini bila kuimba. Sikupenda.

Ijumaa, 5 Machi

Wifi yangu Godelive, dada yake Donatien, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu na mdomo wake unafika mpaka sokoni. Leo kaja kuazima kinu. Nikamsimulia.

"Eh, Spès! Mu hii nyumba hata mashine hailale? Basi muko na mambo!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikaona haya. Nikacheka tena.

Jioni sikucheka. Chef kasema ripoti zimechelewa na hawezi kungoja zaidi. Kama Donatien hawezi kuzimaliza nyumbani, Alhamisi ijayo atapanda Gitega na msafara, azimalizie kwenye ofisi ya kule yenye jenereta usiku na mchana, na huenda akabaki huko mpaka Pasaka. Barabara ya Gitega! Magari yanashambuliwa kwenye zile kona, kila mtu anajua. Hata yanayosindikizwa na wanajeshi.

Sitaki. Nimeandika kwa nguvu, karatasi imetoboka. Sitaki.

Jumamosi, 6 Machi

Donatien aliipeleka kompyuta kwa Issa, mwenzake wa kazini anayejua kompyuta. Issa aliifunga mbele ya macho yake, wakanywa chai, wakakaa asubuhi nzima. Walipoifungua, chaji ilikuwa karibu ile ile.

Donatien karudi na maneno ya Issa: "Hapa inalala vizuri. Kwako ndiyo hailale. Uliza muke wako, labda usiku anacheza karata mu hii mashine."

Alinisimulia akicheka. Kisha hakucheka.

"Chérie, mi siulize kwa ubaya. Usiku unaifungulaka?"

"Apana! Mi sichezake karata hata za karatasi."

Akasema sawa. Sawa yake ilikuwa fupi. Nimelia bafuni, maji yakimwagika ili asisikie.

Jumapili, 7 Machi

Misa. Tulikaa bega kwa bega, mikono kila mmoja na yake. Padri kaomba amani ya nchi. Mimi niliomba amani ya chumba kimoja na sebule. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyoomba.

Mchana nimempikia sombe ya majani ya muhogo na samaki wadogo wa ndagala. Kala vizuri. Kanishukuru kama mgeni.

Ananiona mwongo. Mimi! Ambaye namwekea hata sabuni mahali asipolazimika kunyoosha mkono.

Hata hivyo jioni niliitandikia mashine yake kitambaa. Sikutaka hasira yangu iiletee vumbi.

Jumatatu, 8 Machi

Kunakucha Jumanne, lakini naandika ya usiku wa Jumatatu.

Tulikuwa tumemaliza kula tu. Mizinga ikaanza upande wa milima, halafu risasi, karibu kuliko juzi. Donatien akazima mshumaa, akanivuta sakafuni kati ya kitanda na ukuta. Akalala upande wa dirisha, mwili wake mbele yangu kama gunia la mchanga. Nilikuwa bado nimenuna, na nilikuwa nimemshika shati kwa mikono miwili.

Nikageuza uso chini ya kitanda. Pakawa na mwanga. Mstari mwembamba kuzunguka ile mashine iliyofungwa, na pindo la sufi limechomoza mdomoni. Nyuzi zangu nyekundu zilikuwa zinang'aa kama makaa.

Nikamgusa. Akaangalia. Akanyoosha mkono, akaivuta kwetu. Ilikuwa na joto kama mkate. Karibu na bawaba kuna kidude kidogo kama punje ya mtama. Kifuniko kikikibonyeza ndipo mashine inajua imefungwa, ikalala. Pindo langu lilikuwa linainua kifuniko, kisikifikie. Alivuta kitambaa, akafunika. Mwanga ukafa.

Kwa hiyo ni mimi. Kila jioni naiamsha, naiachia mlango wazi, naikeshesha usiku kucha kwa mapenzi yangu. Nilitaka sakafu inimeze.

Yeye akaanza kucheka. Bila sauti, mabega tu, risasi zikilia. Akaniambia sikioni: "Nisamehe, Spès. Mi nilimusikiliza Issa, na weye uko hapa." Nikalia, nikacheka, nikamlowesha shingo. Tumelala pale pale sakafuni.

Jumatano, 10 Machi

Jana alfajiri mashine ilikuwa na chaji tele. Leo pia. Donatien ameandika mpaka jua limetoka, mimi nimekaa karibu nikimkorogea uji, nikimtazama vidole.

Mchana kafika mwenyewe mbio kutoka kona. Ripoti zimekamilika, chef kazipokea. Kesho msafara unaondoka na dawa tu. Hakuna mtu wa ofisi yao anayepanda. Nikamrukia mlangoni, Godelive akituona. Atazungumza mwezi mzima. Azungumze.

Issa ametuma salamu, na pakiti ya karata. Mshenzi.

Ijumaa, 12 Machi

Mvua. Milima kimya tangu jana.

Donatien hakuamka kabla ya jogoo leo. Hakuna cha kuandika. Amelala kifudifudi, mkono mmoja umening'inia nje ya kitanda.

Jana nilitaka kukiweka kitambaa sandukuni. Akakataa. Sasa kinakaa juu ya kifuniko, nje, D na S zikitazama chini ya kitanda.

Nimeinama nikaigusa mashine. Baridi kabisa, kama chungu cha jana. Imelala.

Nikaurudisha mkono wake kitandani, nikamfunika.