Siku Darasa Lilipomfuata Koku

Mjukuu wangu Alinda,

Hapa Kanazi hatujambo, na babu yako anakusalimu kutoka shambani, anachuma kahawa. Umeuliza watoto wenye ulemavu walisomaje kabla ya sheria mnayofundishwa chuoni.

Mdogo wangu Koku hakuweza kutembea. Mama alimbeba mgongoni hadi shuleni, lakini mwalimu mkuu akasema, "Mama, darasa la kwanza liko kule juu, na ngazi ni nyingi."

"Mwalimu, huyu amekuja kusoma, hakuja kupanda ngazi."

Mwalimu akacheka. Hakuna sheria iliyomlazimisha, lakini siku hiyohiyo sisi wanafunzi tulishusha madawati, darasa likahamia chini.

Kesho yake Koku aliadhibiwa kwa kupiga kelele darasani pamoja na wenzake wote. Alirudi nyumbani amefurahi ajabu!

Bibi yako anayekupenda,
Ma Justina