Kitako cha Muhugu

Rågsved, Stockholm
14 Januari 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Sisi tuko salama, ila Gabu ameota meno na anayajaribu kwenye bega langu. Damian amepata zamu ya asubuhi ya basi, anakusalimu sana. Clementina jirani yetu, asante kwa kumsomea Baba. Soma polepole, usikimbilie dukani kwako.

Baba, nimeiona ile bunduki.

Unajua kazi yangu ni kuzungukia wazee majumbani mwao, kuwaogesha na kuwapikia. Nimepewa mzee mpya kule Fisksätra, anaitwa Torsten, mjane. Nimeingia nikamkuta ametandaza vyuma mezani juu ya gazeti. Mkono wa chuma chini ya kifyatulio, ule wa kusukuma chini na kuvuta juu. Kisanduku cha risasi kimetokeza tumboni. Mtutu mfupi. Nikajikuta nimesema kwa sauti, "Hii si ndiyo ya Babu!" Mzee akaniuliza nimesema nini. Nikamwambia babu yangu alimbebea mwindaji wa Kizungu bunduki kama hiyo, na baba yangu mpaka leo akishika kijiti anatuonyesha jinsi ilivyofunguka.

Usiogope, hii haipigi. Ni ya mfano tu, mtutu umezibwa. Anasema waliotengeneza mifano walitoa mingi ya ile ndefu, lakini hii fupi ya wapanda farasi walitoa chache wakaacha. Yake aliipata bila mbao. Ametafuta kitako chake, ile mbao ya kuegemeza begani, kila mnada mpaka amechoka. Nikasema, baba yangu ni mchongaji. Akasema basi aje, chuma hakivalishwi mbao kwa simu. Ataandika barua ya mwaliko.

Uje Baba. Mimi siwezi kutoka hapa mpaka karatasi zangu za kukaa zijibiwe. Gabu anakujua kwenye skrini tu. Akiona simu yoyote imelala mezani, hata ya mtu asiyemjua, anaipungia mkono.

Mwanao,
Mueni

*

Wamunyu
2 Februari 2024

Mueni mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, unanikumbusha kila nikiinama. Nyumba ni ileile, kimya ni kilekile tangu mama yako atuache. Mbuzi mweupe amezaa pacha na mmoja ana kiburi kama chako.

Barua yako Clementina alinisomea, halafu nikamwambia asome tena pale pa bunduki. Akasema, "Mzee, hata Biblia hujawahi kuniambia nirudie." Sasa anaandika haya ninayosema, atayapiga picha akutumie, na anacheka. Clementina, funga mdomo.

Nikwambie kitu. Chuma cha bunduki ile sikukigusa hata siku moja, baba yangu alinikataza. Niliruhusiwa mbao tu. Nilikuwa mtoto, nikakipaka kitako mafuta ya mbarika kila jioni huku yeye amekilaza magotini. Ndiyo mbao ya kwanza mkono wangu kuipenda. Yule Mzungu alipoondoka akaenda nayo, na baba hakumwuliza neno. Tangu hapo nimechonga twiga wa kujaza gari-moshi, wote wa watu wengine.

Nina gogo la muhugu nililolificha wewe ukiwa shule ya msingi. Huyo mzee asinitumie namba zake, zitanipoteza. Nipimie kwa kamba, kama tunavyopima hapa: kila mahali panapobadilika piga fundo. Unene, zungusha kamba.

Kuja nitakuja. Mwambie mtoto aache kupungia simu za watu.

Baba yako

*

Rågsved
17 Machi 2024

Kwa Baba,

Shikamoo Baba, na pole na vumbi. Ulisema kuja utakuja! Nilimsomea Damian mstari huo akiwa bafuni, akasema, "Sawa, nimesikia, nipe taulo."

Jumamosi nilimbeba Gabu tukaenda Fisksätra, siyo kwa kazi, kwa kutembea tu. Torsten alikuwa amechemsha kahawa na kuvaa shati la pasi. Nilipopiga mafundo, nikifuata chuma na mchoro wake wa kitako, alinitazama kama mtu anayetazama mchezo wa kadi asioujua. "Na hapo?" "Hapo inaanza kunenepa." "Na hapo?" "Hapo ni pa kulaza shavu." Akasema, basi tuko watu wawili tunaoielewa hii bunduki. Nikamwambia, watatu, na baba yangu. Gabu akapewa kijiko, akagonga vyuma, akakatazwa, akajibu "nej!", yaani hapana, kwa Kiswidi safi. Mzee akacheka mpaka akashika kifua.

Mafundo yamo ndani ya bahasha hii. Uzi mweupe ni wa urefu, wa bluu ni wa unene. Barua ya mwaliko nayo Torsten ameandika vizuri, ameeleza kazi yote. Ukifika kwenye mahojiano ya viza, wewe sema ukweli tu.

Nimeshakutengea upande wa kitanda cha Gabu, karibu na dirisha. Ukilala unaona treni zikipita juu.

Mwanao anayekungoja,
Mueni

*

Wamunyu
25 Mei 2024

Mwanangu Mueni,

Marahaba. Natumaini mtoto anakula. Mimi nakula.

Nimekataliwa viza. Nilivaa suti ya arusi yako. Kulikuwa na binti nyuma ya kioo, mpole, umri wako. Akaniuliza, "Mzee, unakwenda kufanya nini huko?" Nikasema ukweli kama ulivyoniambia: "Nakwenda kuvalisha bunduki mbao." Akaacha kuandika. Akaniuliza tena, nikamweleza mtutu mfupi, nikamwonyesha kwa mikono jinsi inavyofunguka. Askari wa mlangoni akasogea. Binti akauliza kama nina ndugu huko. Nikasema ndiyo, lakini siendi kwa ajili ya hao, nakwenda kazini. Basi.

Clementina ameshika kichwa tangu juzi. Anasema, "Mzee, mjukuu je? Hukumtaja mjukuu?" Sikuulizwa mjukuu. Niliulizwa nakwenda kufanya nini.

Jambo la pili. Mueni, umenipimia kwa uzi wa sweta. Wewe uliyelelewa juu ya vumbi la mbao! Nikipima asubuhi fundo la tatu liko hapa, nikivuta kidogo liko kule. Kamba ya katani hakuna nchi nzima ya Uswidi?

Kwa hiyo nimefanya hivi. Kitako nimekichonga kinene, nimeacha nyama ya kutosha kila upande. Huko mtu atakipunguza mpaka kikae. Huyo mzee uliniambia kwa simu mikono inamtetemeka. Damian ni wa basi. Umebaki wewe.

Najua kwetu mwanamke anapewa msasa, tezo ya kuchongea hapewi. Mama yako alilainisha kazi zangu zote na hakuna siku nilimpa tezo, wala hakuomba. Nakutumia ile ndogo pamoja na patasi. Paka chuma masizi, kikandamize kwenye mbao. Panapobaki peusi ndipo pa kupunguza. Kidogo. Ukidhani umepunguza kidogo, umepunguza mno.

Baba yako

*

Rågsved
22 Septemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kimya changu. Ile barua yako ya viza niliisoma nikakaa ngazini, sikuweza kuingia ndani. Mimi ndiye niliyekwambia useme ukweli. Ulisema ukweli wote isipokuwa mmoja.

Mzigo ulifika Julai. Nilipofungua, nyumba nzima ikanuka karakana yako. Gabu aliilamba mbao. Niliiweka chini ya kitanda wiki nyingi kwa woga, kisha Torsten akaniuliza, "Mbao inaiva au vipi?" Ndipo nikaanza, kila Jumamosi, kibarazani kwake, na Gabu amefungwa kwenye kigari chake ili asikanyage patasi.

Masizi sikupata, nyumba za huku hazina moshi. Nikapaka chuma rangi yangu ya midomo, ile nyekundu ya kanisani. Torsten akasema bunduki yake sasa inakwenda dansi. Lakini imefanya kazi Baba! Panabaki pekundu, napunguza. Mara ya kwanza tezo iliruka ikanikwaruza kidole gumba, nikasikia sauti yako ikinikaripia, nikafurahi kuisikia. Sasa mkono umezoea. Kuna jinsi muhugu inavyokubali ghafla, kama mtoto anayelala ukiwa bado unamwimbia. Hukuwahi kutuambia sisi wasichana kwamba kuna hilo.

Imekaa karibu yote. Umebaki upande wa shavu, na huo sijaugusa. Torsten anasema, "Maliza mama, mimi si kijana." Namwambia bado. Ukweli ni kwamba nikimaliza, utakuja kufanya nini?

Mwanao,
Mueni

*

Wamunyu
13 Oktoba 2024

Mueni,

Mimi mzima. Mtoto apone mafua, Clementina ameniambia.

Kazi ya mtu haiachwi na shavu moja. Huyo mzee amengoja kuliko wewe na mimi. Sikukutumia tezo ili unisubiri nayo.

Picha uliyotuma nimeitazama mpaka simu ya Clementina ikazima. Hapo karibu na kifyatulio umepita vizuri. Mimi ningekwenda kwa haraka, ningeharibu.

Maliza.

Baba yako

*

Rågsved
10 Novemba 2024

Kwa Baba yangu,

Shikamoo Baba. Huku jua linatutoroka mapema, lakini tuko salama. Gabu amepona.

Nimemaliza. Niliogopa sana ile siku. Torsten alikaza skrubu mwenyewe kwa mikono yote miwili, tukamngoja, hakutaka kusaidiwa. Akaiinua begani. Akasukuma ule mkono wa chuma chini, akauvuta juu, mara moja tu. Halafu akailaza magotini, akapitisha kiganja kwenye mbao. Mwisho akaniuliza jina lako lote, akaliandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Aliingiza g, nikamwambia ni Mutinda, bila g.

Usiku Damian aliniuliza mbona nalia na kazi imekwisha. Nikamwambia ndiyo hivyo, imekwisha.

Baba, mwaliko mpya nimeuandika mimi mwenyewe. Torsten alitaka kunisaidia, nikakataa, ataingiza bunduki. Kiswidi changu si kizuri lakini Isra wa ghorofa ya juu amenisahihishia, na karatasi zangu za kukaa zimejibiwa, kwa hiyo naruhusiwa kumwalika mtu. Clementina atakupa nakala. Ni fupi. Haina ufundi wowote ndani yake.

Sasa hakuna mbao, hakuna chuma, hakuna mtu anayengoja mikono yako huku. Ukiulizwa unakuja kufanya nini, wewe jibu, "Hakuna kitu."

Njoo ukae tu, Baba.

Mwanao,
Mueni