Msonobari wa Langoni

Jumanne, 20 Agosti

Tawi linalopita juu ya lango limeanza kuwa manjano. Si lote. Upande wa barabarani tu. Nimejiambia ni jua — mwaka huu hata biringanya zangu zimebabuka. Teiji aliupanda msonobari huu mwaka tuliooana, akalikunja tawi kwa mianzi na kamba mpaka likafunika lango. Miaka arobaini na sita. Mume wangu kaondoka, tawi lipo. Ni jua tu.

Ijumaa, 23 Agosti

Jirani yangu Ogino kasimama langoni na mwavuli wake. Eti, Shizuno, mti wako una homa, mwite mtu! Nikamwambia mtu wetu ni Kuramochi. Akacheka: Kuramochi mwenyewe kalazwa tangu Novemba, atakupogolea akiwa kitandani? Mdomo wake huyu mama! Lakini nyumba yenye mtunza bustani wake haiiti mwingine. Kapogoa hapa miaka thelathini, jani kwa jani, kwa vidole. Asikie kuna ngazi ya mtu mwingine imeegemea mti wake — aibu hiyo nitaiweka wapi?

Jumapili, 25 Agosti

Hospitali, kama kila Jumapili. Nimempelekea Kuramochi pichi. Mzee kakonda. Nyonga iliyovunjika ilikuwa inaunga, akaanguka tena wodini. Swali la kwanza: msonobari wetu vipi, Mama? Nikajibu, kijani tupu, mzee. Uongo mchana kweupe! Akafurahi, akala pichi lote.

Jumatano, 28 Agosti

Nimetoboa gome kwa msumari, kama afanyavyo Kuramochi. Mti mzima hutoa utomvu palepale. Nimengoja mpaka chai ikapoa. Hakuna. Pakavu.

Kila baada ya miaka michache yeye huudunga mti sindano ya kuukinga na minyoo inayoua misonobari. Zamu ilikuwa majira ya baridi yaliyopita. Fundi wa mtaa wa pili alijitolea kuja kudunga, mwezi wa Januari. Nikamkatalia kwa adabu zote — tunamngoja wetu. Nilidhani mwaka mmoja hauui mti. Mjinga mimi. Mjinga!

Jumatatu, 2 Septemba

Mwekundu wote. Siku tano tu! Sitaki kufungua dirisha la mbele.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimepiga simu hatimaye. Kaja daktari wa miti, Bi Hatanaka. Hata ngazi hakuishusha garini. Pole, Mama, umekufa huu. Sindano ni ya kinga, majani yakishageuka hakuna wa kuutibu. Ukatwe, uchomwe, wadudu wanaobeba minyoo wasihamie kwa jirani.

Nikauliza, je, ningekuita Agosti? Akatazama viatu vyake. Agosti pia ungekuwa umechelewa, akasema. Wakati wake ulikuwa Januari.

Afadhali angesema Agosti. Sijala.

Jumanne, 10 Septemba

Naandika jikoni. Wakataji wamefika saa mbili na Bi Hatanaka. Nimemwaga pombe ya sake na chumvi shinani, kama ilivyo desturi, nimeinama, nimeuomba radhi mti. Walikuwa wanafunga kamba teksi iliposimama. Kuramochi! Katoka hospitali jana. Kaja kwa magongo, moja kwa moja, kuona ule ukijani niliomwambia.

Nilipiga magoti kwenye changarawe. Nikamwambia yote. Sikumwita mtu kwa ajili ya heshima yako, mzee.

Hakufoka. Laiti angefoka! Alisema polepole tu: "Mama, aliyevunjika nyonga ni mimi. Mti ulikosa nini? Ungeniuliza pale kitandani hata mara moja, jina la fundi ningekupa mimi mwenyewe."

Kila Jumapili nilikuwa pale. Miezi kumi! Tulizungumza habari za pichi, za mvua, za wauguzi.

Sasa kakaa kwenye jiwe la lango, tawi jekundu juu ya kichwa chake. Haondoki. Anataka aletewe msumeno, aanze kukata yeye, asianze mwingine. Bi Hatanaka anasema hawezi kumruhusu mtu wa magongo kukaa chini ya mti mfu, seuze kuukata. Wakataji wamekaa chini, wanavuta sigara. Ogino anachungulia juu ya ukuta.

Bi Hatanaka kaja mlangoni. Mwenye nyumba ni wewe, Mama, unasemaje? Nimemwambia angoje kidogo, nizime jiko kwanza.

Jiko halijawashwa.