Kichupa cha Maji Nacho Kimefifia

Jumatatu, 4 Machi
Imefifia! Zambarau imekuwa njano, kwa macho yangu haya haya! Tunapima dawa ya picha – ile wanayochoma mshipani ili viungo vya ndani vionekane vizuri kwenye picha ya CT. Tunataka kujua kama ni antioksidanti pia, kama inazima vile vikorofi vinavyokula seli kama kutu kwenye bati. Tunaichanganya na rangi ya zambarau kwenye vichupa; zambarau ikififia, ndiyo. Nikapiga vigelegele mpaka Miwani, mwenzangu wa maabara, akaniziba mdomo.

Nyumbani nikamwambia Mama. Mama huyu huyu anayekataa picha ya ini kwa sababu figo zake ni dhaifu na amesikia dawa hiyo inaziumiza. Daktari anasema bila picha hawezi kujua kile kivimbe cha kwenye ini ni nini. Mama, nikasema, dawa yenyewe inalinda! Akasema: haya, Ijumaa nitakwenda. Ee Mungu, asante!

Jumatano, 6 Machi
Kichupa cha maji nacho kimefifia. Rangi na maji matupu, bila tone la dawa!

Miwani akaniuliza taratibu, dada, foili uliweka? Sikuweka. Rangi ile haitaki mwanga, hilo tunafundishwa siku ya kwanza. Mimi nikavipanga dirishani, kwa haraka yangu ya kutaka jibu zuri. Kumbe ni jua. Nashukuru Miwani hakunicheka, akafunika vichupa vipya mwenyewe.

Lakini Mama amekubali kwa sababu ya dirisha! Nikimwambia, atakataa. Nisipomwambia, mimi ni mtoto gani?

Alhamisi, 7 Machi
Gizani, zambarau imebaki zambarau. Dawa hailindi chochote.

Nimemwambia Mama yote, hata la dirisha. Alikuwa anakunja shuka, hakuacha. Kwa hiyo hailindi? Hailindi, Mama. Na daktari anasemaje? Nikamwambia: atapunguza dozi, atakuwekea dripu, halafu atazipima figo tena. Hatari ipo, ila kutokijua kivimbe ni hatari zaidi. Akasema, sasa hilo ndilo ungeniambia Jumatatu.

Nikalia. Akanitupia shuka – lia huku unakunja. Atakwenda! Nina mama, jamani. Sijui nilimpataje.

Ijumaa, 8 Machi
Imepita salama. Fundi wa picha alimwonya kwamba dawa ikiingia atahisi joto, kama amejikojolea. Kipaza sauti kikabaki wazi, korido nzima ikamsikia: mwambieni mwanangu sijajikojolea! Benchi zima tukacheka, hata mzee mwenye bandeji kichwani. Ametoka anatembea kwa miguu yake. Leo sitaki kingine.

Jumatatu, 11 Machi
Benchi lile lile. Damu imeshapimwa kuangalia figo, picha imeshasomwa, tunasubiri majibu. Mama amekunywa maji mpaka anasema akitikiswa atasikika kama debe. Miwani ametuma salamu, tena ya pili asubuhi hii. Mungu ambariki.

Safari hii sina cha kumwahidi Mama, na nimemwambia hivyo. Afadhali, amesema, ahadi zako zinafifia juani. Nishike mkono tu. Nimeushika, ndiyo maana naandika kwa wa kushoto, mwandiko kama kuku kapita. Mkono wake una joto. Asante kwa hilo.

Mlango umefunguliwa. Daktari anatuita, uso wake siusomi. Mama kasimama kabla yangu, ananivuta – twende, mwanangu, funga hilo daf–